Mguso wa Pili

Somo: Marko 8:22–26

Kipofu wa Betsaida hakuponywa kwa mguso mmoja. Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamgusa, kisha akamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakujifanya mzima. Alisema anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Ndipo akaguswa tena, akaona sawasawa. Katika Injili zote nne, Marko peke yake ndiye anayetusimulia habari hii.

Katika jimbo letu la Homa Bay, lenye kaunti mbili za Homa Bay na Migori, wapo wengi walioguswa mara moja tu. Barabara ya Rongo, Awendo, Migori hadi Isebania, na ile ya Rodi Kopany kushuka Homa Bay mjini, tunazijua kwa ajali za bodaboda. Kijana anaumia kichwa, familia inachanga, anakimbizwa Kisii au Kisumu, jumuiya inasali, naye anarudi nyumbani akitembea. Jumapili tunatoa shukrani. Kidonda kimefunga, nywele zimeota. Basi tunasema amepona.

Yeye anajua bado anaona miti. Ukimsemesha redio ikiwa wazi, maneno yako yanampita. Abiria wawili wakibishania nauli, hesabu ya chenji inampotea. Swali alilokuwa akilijibu papo hapo sasa linataka muda, na kabla hajafungua kinywa mwingine ameshamjibia. Kufikia saa nane mchana amechoka kuliko aliyelima tangu alfajiri.

Kichwa kinapotikiswa kwa nguvu, nyuzi nyembamba zinazopeleka habari ndani ya ubongo huvutika, nyingine hukatika. Picha ya CT inaweza isioneshe kitu. Habari bado zinafika, ila zinachelewa, na jambo lililokuwa jepesi linadai nguvu zote. Huo si uvivu, si kiburi, wala si chira.

Mguso wa pili una utaratibu wake. Yesu alianza kwa kumtoa kijijini, na wataalamu wa tiba huanza karibu na hapo: zima redio, aseme mtu mmoja kwa wakati, kazi moja iishe kabla ya nyingine kuanza, apumzike kabla hajachoka, alale vya kutosha. Mwaka 2000 Luciano Fasotti na wenzake wa Uholanzi walichapisha matokeo ya mafunzo waliyowapa watu wa namna hii. Hawakuwashurutisha kufikiri haraka. Waliwafundisha kujipa muda: kutambua mapema wapi mambo yatawazidi kasi, kupanga kabla ya kuanza, na kumwomba mtu asubiri au arudie. Nafuu huja kwa haraka zaidi miezi ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo, lakini inaweza kuendelea kwa miaka. Wengine hawarudii kasi yao ya zamani. Hujifunza kuishi vizuri kwa kasi mpya.

Lililo gumu kwetu sisi waumini ni lile swali. Yesu aliuliza, na alipojibiwa kwamba bado, hakukemea. Sisi tunapenda ushuhuda uliokamilika. Tukimfanya mgonjwa aone kwamba kusema "bado" ni kukosa imani, tunamfundisha kudanganya mbele ya altare, na anayedanganya kwamba anaona hapati mguso wa pili.

Wiki hii, jumuiya ndogondogo, mtembeleeni ndugu yenu mkiwa wawili, si kumi na wawili. Muulizeni swali moja, kisha nyamazeni mpaka ajibu. Mmoja amsindikize kliniki na kumwandikia maagizo ya daktari. Mwenye biashara ya omena Mbita ampe kazi moja asubuhi, akili ikiwa bado ina nguvu. Na hata kama deni la pikipiki linasubiri, asirudishwe steji kabla daktari hajaruhusu, kwa maana barabara haimngojei dereva anayechelewa kuona, na pigo la pili la kichwa huweza kuwa baya kuliko la kwanza.

Tuombe: Bwana, wewe hukuona haya kugusa mara mbili. Tupe subira ya kuuliza na masikio ya kupokea jibu lisilotufurahisha. Wajalie waliojeruhiwa kichwa ujasiri wa kusema "ngoja kidogo," nasi utujalie kungoja. Amina.