Mti na Mwenyewe

Wasomaji wetu walio wengi wapajua Nansio, na wasiopajua tutawaeleza kwa machache. Ni mji mdogo ulio ufukoni mwa kisiwa cha Ukerewe, makao makuu ya wilaya, wenye gati, soko na maduka. Kisiwa chenyewe ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyomo katika Ziwa Victoria, kadiri ya kilometa za mraba 530. Na katika sensa ya mwaka 2012 wilaya nzima, pamoja na visiwa vidogo vinavyoizunguka, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 345,000. Mvua haiwi adimu huko kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Shinyanga, kwa maana ziwa lenyewe hulisha mawingu. Katika nchi ya namna hiyo mtu angetazamia miti mingi. Lakini atokaye Nansio kwenda ndani ya kisiwa hukuta mihogo, mpunga mabondeni, michungwa na miembe karibu na nyumba, tena mawe makubwa makubwa. Msitu hasa atauona mahali pachache, na ulio mkubwa ni ule wa Rubya, ulio mali ya serikali, ambamo misonobari imepandwa kwa safu kama askari wa gwaride. (Wasomaji wa Bukoba wasidhani twasema habari za Rubya yao.)

Swali letu la mwezi huu si swali la bwana shamba. Ni hili: mtu atunzaye ardhi na miti kwa kuwa hana budi, je, ahesabiwe kuwa mwema? Au wema wake ni njaa tu iliyovaa nguo safi?

Hatuuliza kwa kupenda mabishano. Upande wa kaskazini wa Ukerewe kiko kisiwa kingine kiitwacho Ukara, na watu wake, Wakara, wamesifiwa na wataalamu tangu zamani. Mabwana Thornton na Rounce waliandika habari za kilimo chao mwaka 1936, na baada yao wengine wakaja kupima na kuhesabu. Waliyoyaona ni ya kustaajabisha kweli. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi mno, hata shamba halipati nafasi ya kulala. Basi Mkara hufuga ng'ombe wake ndani ya nyumba, humkatia majani na kumletea, na samadi yote hukusanywa shimoni na kupelekwa shambani, pasipotee hata kikapu kimoja. Katikati ya uwele hupanda mmea wa jamii ya marejea, kisha huuzika udongoni uoze na kuirudishia ardhi nguvu. Karibu na maji ya ziwa huchimba mashimo na kuotesha nyasi za ng'ombe humo. Na miti ya Ukara ina wenyewe, mti haukatwi na mpita njia, kwa kuwa kila mmoja una mtu wa kuuliza, "Nani amekuruhusu?"

Mwalimu yeyote angefurahi kuwaonyesha wanafunzi wake mfano huo na kusema, "Tazameni watu wenye bidii." Lakini habari ina sehemu ya pili, na sehemu hiyo haisimuliwi sana. Wakara wengi, kwa ajili ya msongamano, walihama wakaenda kukaa bara, palipokuwa na ardhi tele. Nao walipofika huko, waliziacha kazi zile. Samadi haikuchukuliwa tena kwa vikapu, marejea hayakuzikwa, ng'ombe wakaachiwa mbugani. Wakalima kama majirani zao walivyolima: shamba likichoka, hufyekwa jingine.

Wako wasemao, "Mnaona! Haukuwa wema. Ilikuwa shida tu." Maneno hayo yana nguvu, walakini hatuyakubali yote. Mtu aliyefika mahali penye ardhi nyingi na mikono michache, akiacha kazi isiyomletea faida, hakutenda dhambi. Bidii si kujichosha. Mkara yule akili yake ni ile ile: Ukara ilimwambia beba samadi, na bara ikamwambia pumzika. Kumlaumu kwa hayo ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kuwa hakuchukua kasia lake shambani.

Ila kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo ya akili hailifikii, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Samadi hujibu mwaka ule ule. Uitiapo leo, mavuno yajayo utaiona. Kwa hiyo njaa yaweza kuwa mwalimu wa samadi. Lakini mvule, mti ule ambao maseremala wa mitumbwi wa ziwa letu huutaka kuliko mingine, haukui kwa mwaka wala kwa miaka kumi. Aupandaye akiwa mtu mzima, wa kuupasua mbao ni wajukuu zake. Njaa haijui kungoja hivyo. Tena njaa ndiyo ya kwanza kuukata. Basi ikiwa mtu hutunza kwa shida tu, atatunza udongo, atatunza ng'ombe, atapanda hata miti ya kujengea iliyo myepesi kukua. Lakini msitu hatautunza, kwa sababu faida ya msitu ni ya watu asiowajua.

Hapo kale palikuwa na kitu kingine kilichofanya kazi hiyo, nacho ni hofu. Katika sehemu nyingi za nchi hizi palikuwa na vichaka vya matambiko na makaburi ya watawala, ambamo hakuna aliyethubutu kuingia na shoka. Upareni na Uzigua vingaliko baadhi. Kwa Wamijikenda, huko pwani ya Kenya, misitu yao iitwayo kaya ilitunzwa na wazee kwa miiko. Na mwaka 2008 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Miiko ilipolegea, miti nayo ikaanza kupungua. Sisi tulio Wakristo tulifundishwa, na kwa haki, kwamba mti hauna nguvu za kumdhuru mtu. Tukaiacha hofu. Ila hofu ile ilikuwa na kazi mbili: moja ya upotovu, na moja ya kulinda chemchemi na miti. Tulipoifukuza tuliifukuza pamoja na kazi zake zote mbili, na hatukumwajiri mwingine mahali pake. Mtu mmoja asiye na imani yoyote angeweza kututazama na kusema kwamba babu zetu waliokuwa gizani walituachia kivuli, na sisi tulio nuruni twawaachia watoto jua kali. Maneno hayo yatuuma, wala hatuna jibu jepesi.

Serikali yasema: mlinzi na sheria. Ni kweli, Rubya ipo kwa sababu ina mipaka na walinzi. Lakini twajua jinsi watu wanenavyo: "Mali ya serikali haina mwenyewe." Yule asiyethubutu kukata kwa kumwogopa mlinzi, usiku mlinzi akilala, sababu yake nayo imelala. Hofu ya mzimu ilikuwa na nafuu kwa upande huo, kwa maana mzimu haulali.

Tena na tuwe waangalifu tusiwatupie lawama wasiostahili. Mwaangalie mama aliye ufukoni na tanuri lake la kukaushia samaki kwa moshi. Zamani samaki wadogo walianikwa juani, na jua halina gharama. Sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, mama huyu hakuulizwa. Na ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa kila mahali na kuwala furu hata aina zao nyingi zikatoweka. Sangara ana mafuta mengi, hakubali kuanikwa kama dagaa. Hutaka moshi, au hutaka kukaangwa. Maana yake ni kuni. Basi aliyeukata mti ni nani: mama mwenye shoka, au aliyemtia samaki yule majini, au mnunuzi wa mjini alaye na kupangusa mdomo? Sisi twasema mzigo huo wapaswa kugawanywa, na sehemu ya mama ni ndogo kuliko zote, ingawa yeye ndiye aonekanaye akikata.

Wasukuma wa Shinyanga watupa mfano mwingine. Wao wana desturi ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa, yasiingiwe na ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Katika miaka iliyopita ngitili nyingi zilikuwa zimepotea, na nchi imekuwa jangwa la vumbi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI, na watu wakazirudisha ngitili zao. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa vikachipua. Kilichotupendeza ni kwamba ngitili nyingine ni za mtu mmoja mmoja, na nyingine ni za kijiji kizima, wala hizi za kijiji hazikulindwa na mzimu, ila na baraza la wazee, na faini, na haya ya kuonekana na majirani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo yaviruhusu vijiji kuwa na misitu yao wenyewe. Kumbe mwenyewe wa mti si lazima awe mtu mmoja, wala si lazima awe serikali iliyo mbali. Yaweza kuwa kijiji, mradi kijiji kiwe kitu kinachojua kuona haya.

Hata hivyo haya hutazama walio hai. Bado twatafuta kitu cha kumfunga mtu kwa wasiozaliwa. Na hapa twamkumbuka mzee wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, katekista. Aliandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe juu ya maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Hakupatikana wa kukichapa. Akakigeuza yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano kitabu kilikaa kama mbegu shimoni. Shida haikumlazimisha kuandika, maana hakikumpa chakula. Mlinzi hakuwapo, wala mzimu. Yeye aliyapokea kwa wazee mambo ya kale, akaona ya kuwa aliyepokea anadaiwa, na kwa kuwa wale waliompa walikwisha kufa, deni hilo hakuweza kulilipa nyuma; alililipa mbele. Twadhani mpanda mvule yuko katika hali hiyo hiyo, na ya kuwa hili ndilo jina sahihi la wema tuliokuwa tukiutafuta: si shida, wala hofu, bali deni.

Mwenzetu mmoja aliyesoma maneno haya kabla hayajapelekwa mtamboni alitupinga hivi: "Deni ni la aliyepokea. Mtoto aliyezaliwa mlima ulipokwisha kuwa mtupu, hakuachiwa mti hata mmoja. Mwamdai nini?" Swali ni la haki. Twamjibu kwamba mtoto yule hatumdai. Wa kudaiwa ni wale waliozaliwa mlima ungali na miti, nao wakauona ukiisha. Wengi wao wangali hai, na miche hupandwa wakati wa mvua za vuli.