Mwandani wa Safari wa Ummu Salama



Ndugu zangu katika imani, Ummu Salama (Allah amridhie) alipotaka kuhama Makka kwenda Madina pamoja na mumewe, jamaa zake walimzuia, na ukoo wa mume ukamnyang'anya mtoto, naye mumewe akatangulia Madina. Karibu mwaka mzima alikuwa akienda mahali paitwapo Abtah kila asubuhi, analia hadi jioni. Mwishowe jamaa zake wakamwonea huruma, wakamruhusu aondoke, na ukoo wa mume ukamrudishia mwanawe. Akapanda ngamia, akashika njia, yeye na mwanawe tu, na mbele yake zaidi ya kilomita 400.

Alipofika Tan'im, nje kidogo ya Makka, akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Uthman akamuuliza aendako na aliyefuatana naye. Akajibu kwamba hana mtu ila Mungu na mwanawe mdogo. Uthman akaapa kwamba haachwi hivyo, akashika hatamu. Katika kila kituo humpigisha ngamia magoti, kisha hujitenga mpaka mama ashuke. Humtua mzigo ngamia, humfunga mtini, naye huenda kulala chini ya mti mwingine. Wakati wa kuondoka humleta ngamia na kurudi nyuma tena, mama apande. Walipofika Quba, karibu na Madina, akamwonyesha kijiji alimo mumewe, akageuka kurudi Makka. Ummu Salama alikuwa akisema hajapata kuona mwandani wa safari muungwana kuliko huyo.

Yule mama alikuwa wa kundi la Waislamu, ambalo Makureshi, watu wake Uthman, walilipiga vita. Jangwani hapakuwa na shahidi, wala hakuahidiwa ujira. Lakini linalonigusa zaidi ni kule kujitenga. Wengi wetu tunajua kusaidia. Kujitenga baada ya kusaidia hutushinda. Mtu humlipia dada nauli, usiku akaanza kumtumia ujumbe wa simu kama anayedai deni. Ole wetu, ikiwa mtu ambaye hakuwa bado na shahada alilinda heshima ya mwanamke, nasi wenye shahada tunaivizia!

Na nyumbani je? Bibi Aisha, mke wa Mtume (s.a.w.), aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa akiwatumikia ahali zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10, hakuambiwa hata "ah!", wala hakuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Miaka 10, na Anas alianza akiwa mtoto, tena watoto hukosea.

Basi tazameni yule binti wa kazi anayewafulia kanzu mnazokuja nazo Ijumaa. Anaitwa kwa jina lake, au kwa makelele? Anakula mnachokula? Mtume ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kudaiwa mshahara wa mwezi uliopita, amlipe leo, kabla ya Magharibi, na amwombe radhi kwa kumchelewesha.