Tawhidi na Miti ya Kaya



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (s.a.w.), twapenda kukumbushana jambo liwahusulo khasa watu wa Kwale.

Katika misitu michache ya Kenya na Tanzania umo mti usiopatikana penginepo duniani. Wataalamu wa mimea wauita Gigasiphon macrosiphon; ni wa jamii ya mikunde, na maua yake ni makubwa, meupe. Kwetu Kenya umebaki mahali pachache, kama Kaya Muhaka, Gongoni na kilima cha Mrima. Kaya Muhaka yenyewe ni kiasi cha hekta 150 tu. Wakatao mbao na boriti, na wafyekao ili walime, huyapunguza makao ya mti huu mwaka hata mwaka.

Wako wasemao: "Kaya ni mahali pa mizimu, kuukata msitu wake ni kuondoa ushirikina." Maneno haya yataka kupimwa. Kuiomba mizimu na kuichinjia ni shirki; hilo hatulifichi. Tena imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliukata mti wa Hudaibiya alipoona watu wauendea kusali hapo. Lakini aliukata kwa kuchelea itikadi za watu, si kwa kutaka boriti. Na Mtume yule yule aliyeyavunja masanamu ya Al-Kaaba ndiye aliyeharamisha kukatwa miti ya Madina. Basi adui wa tawhidi ni itikadi iliyomo moyoni, si mti uliosimama.

Tuulizane: aliyekata mti usiku akauza mbao asubuhi, ameondoa shirki gani? Mwenye kuamini mizimu ataifuata hata penye jiwe na pango. Msitu ukiisha, itikadi yake hubaki. Mti ndio usiorudi.

Wazee wa kaya waliuhifadhi msitu kwa kuihofu mizimu. Sisi tunaomjua Muumba wake, ni aibu iliyoje tukiwa ndio wenye kuuharibu!

Kwa hivyo yatupasa haya: mwenye kujenga aulize boriti zake zimetoka wapi, mwenye shamba apande miti yake ya kukata, ili msitu upumzike, na maimamu wawafundishe watu tawhidi kwa ilimu, si kwa shoka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu apandapo mti, kila aliwacho na mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana Yake. Amin.