Jumamosi Tunawalisha, Jumatatu Tunawafungia Lango

Somo la kutafakari: Mathayo 20:1–16, Yakobo 2:1–9

Wiki hii sitaanza na mafundisho. Nitaanza na kuungama.

Mwanzoni mwa muhula, shule ya msingi ya umma anakosoma binti yangu iliita mkutano wa wazazi. Ajenda zilikuwa tatu: choo cha wasichana, chakula cha mchana, na mengineyo. Wenye kuhudhuria mikutano mnajua kwamba moto huwaka kwenye mengineyo. Mwalimu mkuu alisimama akasema kuna watoto tisa wanaolala nyuma ya soko na kando ya steji. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kwa miezi mingi amewafundisha kusoma chini ya mti, anaomba wapokelewe shuleni. Kabla hajamaliza, watu walikuwa wameanza kupiga kelele.

Mama mmoja akauliza, "Hao chokoraa wa gundi?" Baba mwingine akasimama: "Sisi tulihama mjini tukaja huku kutafuta amani. Madawati tulichanga sisi. Gredi ya tatu ina watoto 72 darasa moja. Hao watakaa wapi, juu ya mabati?" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Mwenyekiti akasema wanaopinga wainue mikono, na mkono wangu ukapanda.

Sasa, wapendwa, mkono huo ndio ule ule ambao Jumamosi iliyotangulia ulishika mwiko hapa nyuma ya kanisa letu, ukiwagawia watoto hao hao ugali na sukuma. Mimi ni mmoja wa kina mama wa idara ya huruma. Nawajua kwa sura. Mvulana mmoja wa kama miaka 12 huniita "mathe wa sahani," kwa sababu siku moja nilikataa ale kwenye kopo la rangi nikamtafutia sahani.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza swali moja, na naomba tulibebe pamoja juma hili: kwa nini ni rahisi kumpa maskini chakula, na ni vigumu kumpa nafasi?

Nimelifikiria sana, na jibu nililopata halinipendezi. Ninapogawa chakula, mimi nabaki mtoaji na yeye anabaki mpokeaji. Nikimaliza naosha sufuria naenda nyumbani, naye anaenda nyuma ya soko. Hakuna kilichobadilika kati yetu. Lakini dawati ni kitu kingine. Mtoto akiketi kwenye dawati karibu na binti yangu, binti yangu lazima asogee. Mwalimu akiuliza swali, mtoto huyo anaweza kulijibu kabla ya wangu. Mwisho wa muhula anaweza kumshinda hesabu. Sahani huniacha juu yake, lakini dawati hutuweka sawa. Nafikiri hilo ndilo mkono wangu uliogopa, hata kama mdomo wangu ulisema habari ya gundi.

Hata hivyo sitaki kuwadharau wazazi wenzangu. Hofu zao si za kijinga, na Mkristo asiyesikiliza hofu ya jirani atakuwa anajihubiria mwenyewe. Basi tuzipime.

Ya kwanza ni msongamano. Ni kweli, darasa limejaa. Lakini muhula huo huo magorofa mapya kando ya barabara yalipata wapangaji, na watoto wao wakaingia shuleni bila mkutano wowote. Mimi mwenyewe nilihamia mtaa huu katikati ya muhula na kifungua mimba wangu akapewa nafasi. Hakuna aliyeniinulia mkono. Kwa hivyo tuseme ukweli: hatukuwa tunahesabu watoto, tulikuwa tunachagua watoto. Kama madarasa ni machache, hiyo ni sababu ya kwenda kwa mbunge na kwa Wizara kudai madarasa. Si sababu ya kumtoa mtoto aliye mnyonge kuliko wote kwenye foleni.

Ya pili ni tabia. Gundi si hadithi; mtoto huinusa ili asisikie njaa na baridi, nayo inamharibu. Mzazi ana haki ya kuuliza shule imejipangaje: nani atawashauri, afisa wa watoto amehusishwa, kuna nini cha kula mchana? Kuuliza watapokelewa vipi ni hekima. Lakini kusema wasipokelewe mpaka waache gundi ni kama kumwambia mgonjwa apone kwanza ndipo aje hospitalini. Ataiachia wapi, huko huko inakouzwa?

Ya tatu ni umri. Mvulana wa miaka 12 atakaaje na wa miaka minane? Hapa nakumbuka mwaka wa 2004, pale Eldoret, mzee Kimani Maruge alipojiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi kama wengine. Nchi nzima ilimshangilia, na dunia ikaja kumpiga picha. Kama tuliweza kumpigia makofi mzee wa miaka 84, kwani huyu mvulana wa 12 ana kosa gani? Pengine tofauti ni kwamba mzee yule alikuwa mbali nasi, na huyu yuko hapa mlangoni.

Tena, wapendwa, ule mkutano wetu haukuwa na uwezo wa kupiga kura hiyo. Tangu Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani, taifa hili lilishaamua. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya alikotoka katika jamii. Hatukuwa tunaamua kama tuwape watoto wale kitu. Tulikuwa tunaamua kama tuwanyang'anye kilicho chao.

Mwalimu mkuu alijua hayo. Shida yake ilikuwa nyingine. Serikali imekuwa ikitenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini ili mtoto ahesabiwe lazima aingizwe kwenye mtandao wa Wizara, na mtandao huo umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa kando ya barabara anatoa wapi cheti? Basi anakuwa mtoto anayeonekana kwa macho lakini haonekani kwenye kompyuta, na shule inambeba bila hela. Na si mmoja. Hesabu ya familia za mitaani ambayo serikali ilifanya mwaka wa 2018 ilipata watu zaidi ya 46,000 nchini.

Lakini sheria ina mwisho wake. Sheria inaweza kufungua lango; haiwezi kumfanya mtoto asalimiwe akishaingia. Hapo ndipo Neno linatuhitaji.

Katika Mathayo 20 Bwana anasimulia juu ya mwenye shamba aliyeajiri vibarua asubuhi, wengine mchana, na wengine jioni jua likikaribia kuzama. Wakati wa malipo aliwapa wote sawa. Wale wa asubuhi wakanung'unika. Angalieni vizuri kilichowauma. Hawakupunjwa, kila mmoja alipata alichopatana na bwana shamba. Kilichowauma ni kwamba wale wa jioni walifanywa sawa nao. Niliposoma tena sura hiyo nilijiona mimi na wale wazazi wa madawati. Sisi ndio wa asubuhi. Tumechanga, tumejenga, tumebeba joto la mchana. Na watoto wetu wamesoma kwenye hayo madawati, tumekwisha kulipwa. Mtoto wa jioni akilipwa sawa na sisi, hajatuibia kitu.

Na wale vibarua wa jioni walipoulizwa kwa nini wamekaa bure kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewaita. Watoto wetu wa steji nao wanaweza kutoa jibu hilo hilo.

Ndugu mmoja wa kanisa letu aliniambia baadaye, "Dada, Biblia yenyewe inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani." Ni kweli, iko katika Timotheo wa Kwanza, sura ya tano. Lakini Paulo pale alikuwa anawakemea watu wanaowaacha wajane wao walelewe na kanisa. Alikuwa anatukataza kukwepa mzigo, hakuwa anaturuhusu kufunga mlango. Tena kumtunza binti yangu ni pamoja na kuangalia anakuwa mtu wa namna gani. Nikimfundisha kwamba shule nzuri ni ile isiyo na maskini ndani, nitakuwa nimemlisha kitu ambacho hakuna shule itakayokitoa tumboni mwake.

Siku iliyofuata nilienda kwa mwalimu mkuu nikamwambia naurudisha mkono wangu chini. Haukuwa ushujaa, ilikuwa aibu. Akaniambia, "Asante, mama, lakini aibu haina nambari ya cheti." Basi mimi, kina mama wawili wa idara yetu na yule mwalimu mstaafu tukaanza safari za kwa chifu, kwa afisa wa watoto, na ofisi ya usajili. Foleni, rudi kesho, lete barua hii, lete ile. Ilichukua wiki nyingi. Afisa wa watoto aliwapatia watatu makao. Mwalimu mstaafu akawachukua wanne kwa idhini yake, wakalala sebuleni kwake, kwa sababu mtoto asiye na pa kulala hata ukimpa dawati atalalia hilo dawati.

Sitawadanganya kwamba yote yalienda sawa. Kati ya tisa, saba ndio waliingia. Wawili walirudi mjini kabla karatasi hazijapatikana, na hadi leo sijui waliko. Hao nawaombea kwa majina. Juma la kwanza kulikuwa na vita vya penseli. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake akampeleka akademi. Binti yangu alirudi nyumbani na chawa. Nilimnyoa, akalia kidogo, nywele zimeota tena.

Na yule mvulana wa sahani? Jumamosi moja niliangalia foleni nisimwone. Nikaogopa kwamba naye amerudi mjini. Nikawauliza wenzake, wakacheka: "Mathe, huyo ako na kazi ya shule. Amesema akimaliza ndio atakuja." Nilisimama pale na sahani yake mkononi, nikamshukuru Mungu kwa mara ya kwanza kwamba mtu hakuja kula chakula changu.

Wapendwa, tusiache kulisha. Mwenye njaa leo hawezi kula katiba. Lakini huruma inayotaka maskini abaki kwenye foleni yake milele inajilisha yenyewe. Muhula ujao kutakuwa na mikutano mingine, na mengineyo mengine. Wewe unayesoma haya pengine utakuwa umeketi pale, na hakuna mchungaji atakayekuona. Kabla mkono haujapanda, uulize Jumamosi ulikuwa unafanya nini.

Aliye tayari kusindikiza mtoto kwenye ofisi ya usajili, au mwenye sare iliyombana mwanawe, tuonane na idara ya huruma baada ya ibada ya pili.

Tuombe: Bwana, wewe uliyezaliwa mahali pa mifugo kwa sababu nyumba zilikuwa zimejaa, utusamehe kwa kila mlango tuliosema umejaa. Utufundishe kusogea. Amina.