Majonzi na Mizani katika "Amina"

Je, mtu aliyefiwa na mkewe aweza kuhesabu mizani, na huzuni yake ikabaki kuwa ya kweli? Swali hili huzuka kila lisomwapo darasani shairi la "Amina", ambalo Shaaban Robert alimtungia mkewe aliyefariki. Kwa shule za Handeni na Korogwe jambo hili li karibu, maana mtunzi alizaliwa katika Tanga hiyo hiyo, kijijini Vibambani, mwaka 1909. Na mwanafunzi wa Kizigua au Kisambaa amekwisha kusikia kilio cha msibani kabla hajafundishwa vina ni nini.

Wako wanaosema haiwezekani: vina ni pambo, na msiba hautaki pambo. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hoja hiyo ilipata nguvu. Hatuwalaumu, lakini na tulitazame shairi lenyewe.

Lina beti sita tu, za mishororo minne minne. Mishororo yote huishia na irabu a. Kina cha kati ndicho kigeugeu: katika beti nne za katikati hubadilika kila ubeti, isipokuwa kwenye kituo, ambacho hurudiwa neno kwa neno na kushika -nga daima. Basi katika beti hizo nne kituo hakipatani na mishororo inayokitangulia. Kinasimama peke yake, kama mgane katika nyumba yake. Ni katika ubeti wa kwanza na wa sita tu ndipo mishororo yote minne hukutana kwa -nga. Na katika ule wa kwanza aliyejitenga ni mke. Katika wa mwisho kitenzi kile kile kinarudi, lakini sasa kinachojitenga ni mauti. (Mwalimu atoaye alama kwa kuhesabu mizani pekee hataliona hili, wala hataliona yule anayekataa kuhesabu.)

Hali ya moyo nayo husafiri. Mshairi aliomba mkewe ainuke, hakuinuka. Kisha hasadiki kwamba mauti ndiyo mwisho. Hata katika ubeti wa tano anathubutu kusema amefurahi, kwa kuwa Amina amefika pasipo taabu. Wanafunzi wengine hukwazika hapo. Mtu gani hufurahi kwa kufiwa? Sisi twawaomba wasikilize tena ubeti huo. Maneno yanatamka furaha, na kina cha kituo bado kimekataa kuungana na wenzake.