Nguvu ya kukopa: vinywaji vya kuamsha na haki ya mwili

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu,

Kijana mmoja aliyesoma kwetu madrasa, ambaye sasa ni motari, alinisimamisha siku moja mlangoni mwa msikiti. Mkononi alikuwa na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Akaniuliza: «Maalimu, hii ni halali?» Nikamuuliza kama ina pombe. Akasema haina. Nikamjibu: «Basi kunywa, mwanangu», nikaenda zangu.

Baada ya majuma machache alisinzia juu ya pikipiki usiku, akaanguka pamoja na mama aliyempakiza. Mungu aliwaokoa wote wawili, lakini mguu wa yule mama haujanyooka mpaka leo. Nilipokwenda kumtazama kijana, aliniambia kwamba alikuwa amekunywa chupa nne, na siku mbili hakulala.

Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Nilijibu juu ya chupa, sikujibu juu ya mtu. Kwa hiyo leo tuulizane: je, kitu kilicho halali kinaweza kuwa kosa mikononi mwa anayekitumia?

Tazama kahawa. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wakae macho usiku kwa dhikri. Mwaka 1511 afisa mmoja wa serikali huko Makka, Khair Beg, aliikataza. Kisha amri ya kutoka Kairo ikalegeza katazo hilo. Leo Waislamu wengi wanainywa bila wasiwasi, na mimi pia nainywa. Sitaharamisha alichohalalisha Mungu.

Lakini ufahamu kazi yake. Ndani ya kahawa, chai, makasu na vinywaji hivi mna kafeini. Tunapokaa macho, mwilini hukusanyika kitu kinachouambia ubongo: umechoka, lala. Kafeini hukaa mahali pake, ubongo usisikie. Uchovu haukuondoka, umenyamazishwa tu. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini ingali mwilini, ndiyo maana anayekunywa jioni hukosa usingizi. Ikizidi, moyo hupiga mbio na mikono hutetemeka. Basi chupa haikukupa nguvu. Imekukopesha, na deni utalilipa.

Sasa kumbuka hadithi ya kamba. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab: akichoka katika sala hujishika nayo. Akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu asali akiwa na nguvu, na akichoka aketi. Kamba si haramu, na sala ndiyo nguzo ya dini. Hata hivyo ilifunguliwa, kwa sababu mwili una haki juu yako. Ikiwa kamba ya ibada ilifunguliwa, itakuwaje kamba ya kutafuta franka?

Utaniambia: «Maalimu, watoto watakula nini? Mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni.» Ni neno la kweli, na sitalidharau. Njaa si uvivu. Lakini yule mama hakukukopesha mguu wake. Kuhatarisha nafsi yako ni kosa. Kumhatarisha aliyekuamini ni makosa mawili.

Na wewe mwenye pikipiki, unayesali safu ya kwanza, jiulize nani aliyeifunga kamba hiyo. Mtume ametukataza kuwabebesha walio chini yetu wasiyoyaweza, na tukiwabebesha, tuwasaidie. Punguza hesabu, mpe siku ya kupumzika. Kufanya hivyo ni haki yake, wala si sadaka.

Kwa matumizi, shika haya. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mwanamke mwenye mimba asipite 200. Kopo la mililita 250 mara nyingi lina 80 hivi, na chupa kubwa zina zaidi. Soma maandishi yake. Watoto wasipewe vinywaji hivi, hata wakati wa mtihani wa serikali: usingizi ndio unaohifadhi masomo. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amuulize daktari kwanza. Na ukisinzia barabarani, simama ulale kidogo.

Mungu ameufanya usingizi kuwa mapumziko yetu. Anayeukataa kila usiku anairudisha zawadi ya Mola wake.

Ewe Mola, tupe riziki ya halali, na tupe nguvu za kuitafuta bila kudhulumu miili yetu wala ya wenzetu. Amina.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.