Ndege ya Peke Yako: Wakati wa Nani Una Thamani?



Katika vipindi vya vijana swali moja limerudi mara kwa mara. Mtu mwenye fedha akikodi ndege nzima imchukue yeye peke yake, tuseme kutoka London mpaka Munich kule Ujerumani, je, amefanya dhambi? Wengine hujibu upesi kwamba ni dhambi, maana kuna watu wanaolala na njaa. Wengine husema hiyo ni baraka ya Mungu, na sisi tunaosema tunasema kwa wivu. Mimi naona majibu yote mawili yametoka haraka mno. Tulitazame jambo lenyewe kwanza.

Tajiri huyo ananunua nini? Safari yenyewe hainunui, maana ndege za abiria za kwenda Munich zipo kila siku, na kutoka London ni mwendo wa kama saa mbili hivi. Kiti angekipata kwa bei ndogo. Akikodi ndege ya viti sita au vinane, atalipa maelfu ya euro kwa kila saa ya kuruka. Kwa fedha hizo anapita katika jengo la pembeni, anafika uwanjani dakika chache tu kabla ya kuondoka, na akichelewa ndege inamngoja. Basi kitu anachonunua ni kutosubiri. Tena ananunua kutochanganyika na wanaosubiri.

Wapendwa, habari ya kusubiri sisi twaijua kuliko watu wengi. Twasubiri mgawo, twasubiri maji, twasubiri daktari. Wengine wanasubiri jibu la kwenda nchi ya tatu tangu mtoto akiwa tumboni, na sasa mtoto huyo anakwenda shule. Ubaya wa kusubiri namna hiyo hauko katika miguu peke yake. Mtu akisubirishwa miaka mingi huanza kuamini kwamba wakati wake hauna thamani, kwamba siku yake ikipotea hakuna kilichopotea. Ndiyo maana swali hili la ndege linatuhusu hata sisi ambao hatujakanyaga Munich. Linauliza: wakati wa nani una thamani, na ni nani anayeupangia bei?

Nadhani jibu tunalo hapa hapa makazini, ingawa hatujaliandika popote. Fikirini foleni ya kituo cha afya. Akiletwa mama wa kujifungua juu ya baiskeli, hakuna anayemwuliza amefika saa ngapi. Watu husogea, hata mzee aliyekuja alfajiri husogea. Lakini akija kijana ambaye ndugu yake ndiye anayeshika orodha, akapitishwa mbele kwa kukonyezana macho, watu hunung'unika, na wana haki. Wote wawili wameipita foleni. Kwa nini mmoja tunampisha na mwingine tunamlaumu? Kwa sababu mama amepitishwa na uhitaji wake, na kijana amepitishwa na nguvu zake. Mama akipita, sisi tuliobaki hatujadharauliwa. Kijana akipita, ametuambia kwamba saa zetu ni takataka.

Sasa tukichukue kipimo hicho twende nacho Ujerumani.

Tarehe 20 Agosti 2020 Alexei Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, aliugua ghafula ndani ya ndege ya abiria, akalazwa katika mji wa Omsk akiwa hajitambui. Shirika moja la hisani la Berlin likatuma ndege ya kukodi yenye vifaa vya hospitali, na tarehe 22 Agosti akafikishwa Berlin, katika hospitali ya Charité. Mapema mwezi uliofuata serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba alikuwa amelishwa sumu kali ya aina ya Novichok. Alipona. Baadaye, mwaka 2021, alirudi kwao akafungwa, na mwaka 2024 akafia gerezani. Ndege ile ilikodiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Je, ilikuwa anasa? Hata kidogo. Ilikuwa baiskeli ya yule mama, tofauti ni kwamba ilikuwa na mabawa.

Tena, tarehe 11 Septemba 2013, ndege ya kukodi ilitua katika mji wa Hannover ikitoka Beirut. Ndani yake walikuwamo Wasiria 107, wakimbizi kama sisi, wa kwanza katika mpango wa Ujerumani wa kupokea watu 5,000. Kutoka pale walipelekwa Friedland, kambi iliyofunguliwa mwaka 1945 wakati Wajerumani wenyewe walipokuwa wakikimbia na kurudi makwao kwa mamilioni. Watu waliowahi kulala kambini wakawatandikia vitanda wengine.

Kwa hiyo ndege ya kukodi inaweza kubeba anasa, inaweza pia kubeba rehema, na kwa macho huwezi kuzitofautisha zikiwa angani. Kila Februari viongozi wengi hufika Munich kwenye mkutano mkubwa wa usalama. Mwishoni mwa Septemba watu hufika mji huo huo kwa sherehe ya bia. Anayekimbilia kusimamisha vita na anayekimbilia glasi ya bia wanaweza kutumia ndege ya aina moja. Swali la kuuliza ni hili: ndani yake amebebwa nani, na kwa ajili ya nini?

Marko sura ya 2 inatueleza habari ya watu wanne waliombeba mwenye kupooza. Walipozuiwa na umati walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha mgonjwa mbele ya Yesu. Waliwapita watu wote waliofika mapema, tena waliharibu nyumba ya mtu. Bwana hakuwakemea. Aliiona imani yao, maana aliyekuwa kwenye godoro hakuwa mmoja wao wanne.

Najua wako watakaonijibu: "Mchungaji, fedha ni zake, na rubani analipwa mshahara." Ni kweli, na sisemi aibiwe. Lakini fedha zikiwa zake, hewa si yake. Shirika la Ulaya liitwalo Transport & Environment lilieleza mwaka 2021 kwamba ndege ya binafsi huchafua hewa mara 5 hadi 14 zaidi ya ndege ya abiria kwa kila mtu aliyemo, na kwamba kwa saa moja inaweza kutoa tani 2 za hewa ya ukaa. Nyingi zikimshusha mwenyewe huruka tena zikiwa tupu kwenda kumchukua mwingine. Moshi huo haubaki juu ya Munich. Unaenea pia juu ya shamba la mjane ambaye hajawahi kupanda hata basi la kufika mjini, naye hakuulizwa.

Mnakumbuka pia Yairo, mkuu wa sinagogi, katika Marko sura ya 5. Alikuwa mtu mkubwa, na haraka yake ilikuwa ya haki, maana binti yake wa miaka 12 alikuwa anakufa. Hata hivyo Yesu alisimama njiani kwa ajili ya mwanamke maskini aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 12 ile ile. Alimsikiliza mpaka akamaliza maneno yake, kisha akaenda kwa Yairo na binti akafufuka. Mkubwa hakukataliwa, na mdogo hakurukwa. Kwa Bwana hakuna mtu ambaye wakati wake ni wa kutupwa. Wewe unayesubiri mwaka wa saba, usiamini anayekuambia vinginevyo, hata kama anayekuambia ni moyo wako.

Lakini tusiishie kumhukumu tajiri wa Munich, maana yeye hasomi karatasi hii. Sisi tunaisoma. Ndege hatuna, ila kila mmoja ana nafasi ndogo ya kuwapita wenzake. Mzee wa kanisa anayo, kiongozi wa mtaa anayo, mwenye ufunguo wa bomba anayo. Pikipiki ya kanisa ikitoka usiku imembeba nani? Dumu lililowekwa mbele ya mengine ni la bibi kizee asiye na wa kumchotea, au ni la shemeji yako? Nafasi hiyo ukiitumia kumpitisha aliyelemewa, wote tutasogea kwa furaha. Ukiitumia kujipitisha wewe, umeshakodi ndege yako, hata kama umevaa kandambili.

Bwana awape uvumilivu ninyi mnaosubiri, na moyo wa kupisha ninyi mlio mbele. Amina.